Stakabadhi za saruji tunazo, habari za wahitimu hatuna

Katika kikao kimoja cha kamati ya msikiti wetu ililetwa hoja ya kujenga bweni la pili katika chuo kidogo cha walimu wa madrasa tunachokisimamia. Mchoro ulikuwa tayari, fundi alikwishatoa makadirio, na baadhi ya waumini walikwishaahidi mabati. Mimi, nikiwa katibu, nilikuwa nimeandaa rasimu ya barua ya kuwaomba Waislamu wachangie. Kabla hoja haijapitishwa, mzee mmoja, ambaye kwa kawaida hunyamaza mpaka kikao kifungwe kwa dua, aliinua mkono akauliza: "Katibu, hawa vijana ambao tumekwisha kuwatoa, wako wapi na wanafanya nini?"

Nilifungua faili. Zilikuwamo stakabadhi za kila mfuko wa saruji ulionunuliwa tangu msingi wa jengo la kwanza ulipochimbwa. Zilikuwamo za nondo, za rangi, na hata ya vitasa vya milango. Ilikuwamo orodha ya wafadhili, na picha za mahafali. Lakini kuhusu wahitimu nilikuta majina matupu, bila namba ya simu hata moja, bila kutajwa mahali anapofundisha hata mmoja. Mzee hakuongeza neno. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari sisi tulikuwa nalo, ila tuliandika humo saruji, na mali yenyewe, yaani vijana wa watu, hatukuiandika.

Ndugu msomaji, makala haya yanahusu swali la mzee yule. Nalo si swali la kamati yetu peke yake. Ni swali la kila taasisi ya elimu inayopokea ada ya mzazi na sadaka ya muumini: je, chuo kinajuaje kwamba kinafanya kile kilichosema kitafanya?

Alama nilipata, kazi ikanishinda

Naomba nianze na nafsi yangu, maana si uungwana kuwahesabu wengine kabla ya kujihesabu. Mimi ni mhitimu wa chuo cha Kiislamu. Nilisoma somo la mirathi, na katika mtihani wa mwisho nilipata alama za juu. Miezi michache baada ya kurudi nyumbani, mama mmoja aliyekuwa bado katika eda alimtuma kaka yake aniite. Mumewe alikuwa amefariki akamwacha yeye, mabinti wawili, mama mzazi, na ndugu mmoja wa kiume wa baba na mama mmoja.

Hesabu yake niliifanya kabla chai haijapoa. Mali igawanywe mafungu 24. Mke apate thumuni, yaani mafungu 3. Mabinti wapate thuluthi mbili, yaani 16, kila mmoja 8. Mama wa marehemu apate sudusi, yaani 4. Fungu 1 linalobaki ni la ndugu, kwa kuwa yeye ni asaba. Ndivyo tulivyofundishwa, na hesabu ile haikuwa na kosa.

"Ustadhi," akasema yule mama kutoka nyuma ya pazia, "hayo mafungu nimeyasikia, na Allah akulipe kheri. Lakini nyumba hii tuliijenga kwa mshahara wake na kwa fedha za biashara yangu ya vitenge. Je, yote ihesabiwe kuwa ni yake? Na mahari yangu iliyobaki je? Na duka linalotudai?"

Nilinyamaza. Chuoni kila swali la mirathi lilianza na mali iliyokwisha kuhesabiwa. Halikuwapo swali lililoanza na nyumba moja iliyojengwa na watu wawili. Nilijua kwa ulimi kwamba gharama za mazishi na madeni hutangulia, kisha wosia usiozidi thuluthi, ndipo warithi wafuate. Nilijua hata kwamba mahari isiyolipwa ni deni. Lakini hakuna aliyewahi kuniketisha mbele ya familia nitenganishe mali ya marehemu na mali ya mkewe, wala kunionyesha jinsi muhtasari wa kikao cha ukoo unavyoandikwa ili upelekwe Mahakama ya Mwanzo kwa ajili ya kuteuliwa msimamizi wa mirathi. Familia ile ilikaa miezi kadhaa ikivutana, mpaka alipopatikana sheikh mmoja mtu mzima aliyeketi nao akaanza na deni moja moja. Nami niliketi pembeni nikijifunza nilichodhani nimekwisha kujifunza.

Jambo linalonisumbua hadi leo ni kwamba chuo changu hakikujua. Katika vitabu vyake mimi ni mhitimu aliyefaulu. Hakuna aliyenipigia simu kuniuliza, nami sikurudi kuwaeleza. Basi mwaka uliofuata somo likafundishwa vilevile, mtihani ukatungwa vilevile, na wenzangu wengine wakatoka na alama za juu kwenda kunyamaza mbele ya wajane wengine.

Magunia na watoto walioshiba

Wataalamu wa elimu ya juu wana istilahi ya jambo hili: ufanisi wa taasisi. Maana yake ni uwezo wa chuo kuonyesha kwa ushahidi, wala si kwa maneno, kwamba kinatimiza lengo lake, na kwamba pale kinapopungukiwa kinajua na kinarekebisha.

Mfano wa shamba unatosha kueleza. Mbegu, mbolea na jembe ni vitu vinavyoingia. Magunia ya mahindi ni kinachotoka. Lakini mkulima hakulima ili apate magunia. Alilima ili watoto wake washibe. Ikiwa magunia yamejaa ghalani na watoto wanalala na njaa, mahali fulani pana hitilafu, na kuongeza mbolea hakutaiondoa. Chuoni majengo, walimu na vitabu ni vitu vinavyoingia. Idadi ya wanaovaa joho siku ya mahafali ni magunia. Shibe ni kile ambacho mhitimu anaweza kukifanya akiwa peke yake, mbele ya watu wanaomhitaji.

Taarifa nyingi za vyuo vyetu huishia kwenye mbolea, na zilizo bora kidogo hufika kwenye magunia. Chache mno hufika kwenye shibe.

Zaytuna na maswali ya wageni

Huenda msomaji akadhani kwamba haya ni mambo ya vyuo vikubwa vya kidunia, wala hayahusiani na elimu ya dini. Tutazame basi mfano wa chuo cha Kiislamu kilicholazimika kuyapitia. Mjini Berkeley, katika jimbo la California nchini Marekani, kipo chuo kiitwacho Zaytuna. Kilianza mwaka 1996 kama taasisi ya darasa za dini. Mwaka 2009 wanazuoni Hamza Yusuf, Zaid Shakir na Hatem Bazian wakakiasisi kuwa chuo cha shahada, na mwaka 2010 kikapokea wanafunzi wake wa kwanza, 15 tu. Shahada yao ilikuwa ya sheria na itikadi ya Kiislamu, na lugha ya Kiarabu ikiwa nguzo yake.

Wanafunzi 15 si wengi. Madrasa nyingi za mitaani kwetu zina watoto zaidi ya hao. Lakini Zaytuna haikusubiri iwe kubwa ndipo ijipime. Iliomba kukaguliwa na tume ya ithibati ya eneo hilo, WASC Senior College and University Commission, na mwezi Machi 2015 ikapata ithibati, ikawa chuo cha kwanza cha Kiislamu cha shahada ya kwanza kupata hadhi hiyo nchini Marekani.

Yafaa tufahamu tume ile inauliza nini. Viwango vyake vilikuwa vinne. Cha kwanza, chuo kieleze lengo lake na kionyeshe kuwa masomo yake yanaelekea lengo hilo. Cha pili, kionyeshe kwamba lengo linafikiwa katika ufundishaji wenyewe. Cha tatu, kionyeshe kuwa fedha, watu na uongozi vimepangwa ili kazi idumu. Cha nne, kionyeshe kwamba kina desturi ya kujichunguza, kujifunza kutokana na kinachokiona, na kujirekebisha. Tena tume hiyo ilitaka kila chuo cha shahada ya kwanza kionyeshe uwezo wa wahitimu wake katika mambo matano: kuandika, kuzungumza, kufikiri kwa hesabu, kutafuta na kupambanua habari, na kupima hoja.

Zingatia kwamba tume haikuwaelekeza Waislamu wale waamini nini wala wafundishe madhehebu gani. Chuo hutaja lengo lake chenyewe, kisha huulizwa uko wapi ushahidi kwamba unalitimiza. Kwa lugha tuliyoizoea misikitini, chuo hupimwa kwa nia yake. Kwa hiyo chuo kisichoandika nia yake kwa uwazi hakina cha kupimiwa, na hilo si jambo la kujivunia.

Kwetu pia mlango huo upo. Tanzania ina Tume ya Vyuo Vikuu tangu mwaka 2005, na vyuo vya ufundi na vya kati vina baraza lao. Chuo Kikuu cha Waislamu Morogoro na Chuo Kikuu cha Zanzibar kilichopo Tunguu vinakaguliwa kama vyuo vikuu vingine vyote. Lakini vyuo vingi vidogo vya misikiti na jumuiya, ambavyo ndivyo vinavyotoa walimu wa watoto wetu, havifikiwi na macho hayo. Hivyo havina budi kujitazama vyenyewe.

Duara la hatua nne

Kujitazama huko kuna utaratibu, nao si mgumu. Nitautumia mfano wa somo langu la mirathi.

Hatua ya kwanza ni kuliandika lengo kwa namna inayoonekana. Kusema kwamba mhitimu atajua mirathi ni kusema jambo lisiloonekana kwa macho. Tuseme badala yake kwamba mhitimu ataweza kuketi na familia moja, kuorodhesha mali na madeni, kutenganisha mali ya marehemu na ya mwenza wake, kutoa mafungu bila kosa, na kuandika muhtasari unaokubalika mahakamani. Lengo la namna hii lina vitendo, na kitendo hupimika. Kisha walimu wachore jedwali linaloonyesha kila lengo linaanzishwa katika somo gani, linazoezwa wapi, na linakamilishwa wapi. Mara nyingi jedwali hilo peke yake hufichua lengo lililoandikwa kwenye kijitabu cha chuo lakini halifundishwi na mwalimu yeyote.

Hatua ya pili ni kukusanya ushahidi. Ushahidi ni wa aina mbili. Upo wa moja kwa moja, ambao ni kazi ya mwanafunzi yenyewe: apewe kisa cha familia chenye deni na mahari isiyolipwa, akitatue, na walimu wawili waisahihishe kazi hiyo kila mmoja kivyake kwa kutumia vigezo vilevile vilivyoandikwa. Wakitofautiana sana, basi hata walimu hawajaafikiana juu ya maana ya kujua. Na upo usio wa moja kwa moja, kama vile kumpigia mhitimu simu baada ya mwaka mmoja, au kumuuliza imamu anayefanya naye kazi. Si lazima kupima kila kitu kila mwaka. Malengo mawili au matatu yakipimwa vizuri yanashinda ishirini yaliyopimwa kwa kupapasa.

Hatua ya tatu ni walimu kuketi na kuusoma ushahidi huo pamoja. Kikao hiki kiwe na ajenda moja, na muhtasari uandikwe: tumeona nini, twadhani sababu ni nini, na tutafanya nini.

Hatua ya nne ni kubadilisha kitu, kukitengea fedha, na kupima tena. Hapa ndipo wengi wanapoanguka. Vyuo vinavyokusanya maoni ya wanafunzi si haba. Lakini fomu hufungwa kamba zikawekwa kabatini, na bajeti ya mwaka unaofuata ikaandikwa kama kwamba hazikujazwa. Mpango usiotengewa fedha ni matamanio, na tathmini isiyobadilisha mpango ni kazi bure. Duara likikatika hapa, ni heri fedha za karatasi zile zingenunua misahafu.

Hofu tatu

Nilipoyaeleza haya kwenye kamati nilipingwa, na hoja za ndugu zangu zilistahili majibu.

Mmoja alisema elimu ya dini ni ikhlasi na baraka, na hayo hayapimwi. Ni kweli; yaliyomo vifuani anayajua Allah peke yake. Lakini mwalimu wa tahfidh hamwachi mwanafunzi aliyeruka aya apite kwa hoja ya baraka. Humrudisha nyuma akasoma upya. Ijaza za wanazuoni wetu nazo hazikuwa cheti cha kuhudhuria darasa. Zilieleza mtu amesoma kitabu gani, kwa nani, na kwamba ameruhusiwa kukifikisha kwa wengine. Kupima si ugeni kwetu. Kigeni ni chuo kumpima mwanafunzi kila muhula, huku chenyewe kikikataa kupimwa.

Wa pili alihofu kwamba walimu watajiona wanachunguzwa. Hofu hii ina msingi, na dawa yake ni kuweka kanuni tangu mwanzo: kinachopimwa ni mpango wa masomo, si mtu. Matokeo yasitumike kumpunguzia mwalimu posho wala kumsema mbele za watu. Siku yatakapotumika hivyo, ndiyo siku ya mwisho ya kupata ushahidi wa kweli.

Wa tatu aliuliza gharama. Kwa chuo cha kiasi chetu, gharama ni daftari moja, muda wa maongezi wa simu, na alasiri mbili kwa muhula za walimu kuketi pamoja. Haizidi bei ya tarpali na viti vya siku ya mahafali.

Mzazi aulize nini

Mzazi mwenzangu, huenda huna nafasi katika bodi ya chuo chochote, lakini unayo haki ya kuuliza kabla ya kulipa ada. Usiishie kutazama geti na rangi ya ukuta. Uliza maswali haya kwa adabu, na usikilize namna unavyojibiwa:

Mwanangu akimaliza hapa ataweza kufanya nini, kwa vitendo gani?

Mnajuaje kwamba waliotangulia wanaweza kuyafanya hayo? Naomba kuona kazi ya mwanafunzi mmoja, hata jina likifichwa.

Katika miaka mitatu iliyopita mmebadilisha nini katika masomo yenu, na ni kitu gani kilichowaonyesha kwamba kinahitaji kubadilishwa?

Walioacha masomo njiani waliacha kwa sababu gani?

Naweza kuzungumza na mhitimu wenu wa mwaka juzi?

Chuo kizuri si kile chenye jibu zuri kwa kila swali. Mkuu wa chuo akikuambia kwamba wahitimu wake walikuwa dhaifu katika kuandika, na kwamba sasa wameongeza somo la kuandika barua na taarifa, huyo anajua anakokwenda. Akikasirika, au akakuelekeza kwenye picha za wageni rasmi ukutani, umekwishajibiwa.

Sisi wahitimu pia tuna deni. Tunarudi vyuoni kwa sherehe na kwa kuomba nakala za vyeti. Turudi pia kusema pale tulipokwama. Laiti ningeandika barua ya ukurasa mmoja baada ya siku ile ya pazia, huenda mwenzangu mmoja angeokoka aibu, na familia moja ingeokoka ugomvi.

Daftari jipya

Baada ya kikao kile kamati iliniagiza niwatafute wahitimu wetu. Ilinichukua wiki kadhaa, kwa kupitia jamaa zao na maimamu wa mitaa. Baadhi niliwakuta wakifundisha. Wengine walikuwa wameacha, wanauza duka au wanaendesha bodaboda. Niliwauliza wote swali moja: ni jambo gani ulilolikuta kazini ambalo chuo hakikukuandaa nalo? Majibu yao yalikaribiana kuliko nilivyotarajia. Kusoma na kuhifadhi walifundishwa vizuri. Hawakufundishwa jinsi ya kulimudu darasa moja lenye mtoto wa miaka mitano anayelia na kijana wa kumi na tatu anayeona haya kukosea mbele yake. Walioacha, wengi wao waliacha katika mwaka wa kwanza, na waliacha kwa hilo.

Kamati haikufuta bweni. Iliamua kwamba kabla ya bweni kila mwanafunzi akae muhula mmoja katika madrasa mojawapo ya jirani, akifundisha chini ya uangalizi wa mwalimu mzoefu, na mwalimu huyo alipwe posho. Barua ya kuomba michango niliiandika upya, na posho hiyo ikawa ya kwanza katika orodha, juu ya saruji. Mwakani tutawapigia tena simu watakaokuwa wamehitimu kwa utaratibu huu, tulinganishe.

Mzee yule alipoliona daftari jipya, lenye safu za namba ya simu, mahali pa kazi, na alipokwama, alilipitia ukurasa kwa ukurasa mpaka akalifikia jina la mjukuu wake. Safu zake zilikuwa bado tupu. "Huyu," akaniambia, "namba yake ninayo mimi." Akatoa simu, akaanza kunisomea tarakimu, nami nikaandika.

Wabillahi tawfiq.